Vinyama vya Neema vimejaa ziwani

Jambo Neema mwanangu wa Lubumbashi, jambo bwana yako, jambo mujukuu Aline ambaye bado sijamuona kwa macho. Baba yako na wadogo zako wanawasalimu.

Leo nimepiga kelele za furaha pale mto Ruzizi inaingia mu ziwa!

Vile vinyama laini vya duara, vinavyoelea kama miavuli midogo ya kioo, ulivyokuwa unavibeba mu mikono ukiwa mudogo, vimejaa!

Aline aliniomba kwa simu picha ya vinyama hivi. Nikapiga.

Picha ni kijani tupu, maji peke yake, vinyama havionekani.

Jirani Mama Riziki akanicheka: “Weye unashangilia? Ni mbolea ya mashamba, mvua inaishusha. Maji yanachafuka, hivyo vinyama vinazaana, samaki wetu wadogo, ndagala, wanapungua.”



Neema, zamani ulikuwa unaona vidole vyako vya miguu ndani ya maji haya.

Ninyi muliokulia Kalundu, kando ya ziwa, munakumbuka?

Mwanangu, unijibu haraka. Aline nimuonyeshe nini?