Komeo la Mashine ya Mamluki

Enzi za mamluki wa Kizungu walioiendesha serikali yetu ya Komoro, nilikuwa kwenye foleni ya forodha bandarini Moroni, nikisubiri mizigo ya dada yangu wa Mutsamudu. Mbele yangu mamluki mmoja alikuja kuchukua mashine yake ya kukimbilia, ile inayokunjwa ikasimama wima, ikashikwa na komeo la chuma.

"Ikunjue tuikague," karani akamwambia kwa Kifaransa.

"Ni ya mazoezi tu."

"Ikunjue, bwana."

Akalivuta komeo kwa hasira. Ubao wa kukimbilia ukaporomoka, komeo likambana vidole. Akapiga yowe. Hakuna aliyecheka, maana mkono wake wa pili ulikuwa umeshika bastola. Mama mmoja akaweka kikapu chini, akasema, "Msaidieni, maskini." Tukauinua ubao hadi ukasimama tena, vidole vikatoka.

Mamluki akatutazama mmoja mmoja. "Hamkuona kitu."

"Hatukuona," tukaitikia.

Karani aliyekuwa ameshika muhuri akaurudisha mezani taratibu. "Hata mimi sikuona kitu, bwana. Kwa hiyo ukaguzi bado. Ikunjue tena."

Akaikunjua. Safari hii kwa mikono miwili, na kwa adabu ambayo serikali yetu haikuwahi kuipata kwake.