Mkaa wa Magunzi

Kisima changu cha Milanzi nilikichimba kwa mikono yangu, na maji yake yalinuka. Sifichi. Yalikuwa na rangi ya chai, na ukiyachemsha harufu ndiyo inapanda. Mke wangu akaendelea kupanda kilima na ndoo kwenda bombani, na goti lake lile bovu. Majirani wakasema nifukie. Sikufukia.

Mpangaji wangu ni mwalimu wa kemia. Nikamuuliza kama mkaa unaweza kunyonya ile harufu.

"Wa jikoni unanyonya kidogo tu, mzee. Vitundu vyake vimeziba. Chukua magunzi, yaloweke kwenye dawa kali, ndipo uyachome. Dawa ndiyo inafungua vitundu."

"Dawa gani?"

"Wengine wanatumia tindikali. Hata potashi inafaa, ile iliyomo kwenye maji ya majivu."

Nikacheka. Shule niliishia darasa la tatu, lakini maji ya majivu nayajua. Mama yangu alichoma mabua ya maharage, akachuja majivu kwenye kibuyu kilichotobolewa, na maji yale yakalainisha maharage yake miaka yote.

Basi nikachuja. Nikayachemsha mpaka yakabaki mazito, nikaloweka magunzi niliyoyaponda, nikayaanika. Nikayajaza kwenye debe, nikaziba mfuniko kwa udongo, nikaacha kitundu kimoja cha moshi. Nikalichoma mpaka debe likawa jekundu. Lilipopoa nikasaga mkaa, nikaupanga kwenye pipa kati ya mchanga na kokoto, nikamwaga maji ya kisima.

Yakatoka meupe! Harufu hakuna. Nikamwita mke wangu kwa sauti ya kusikika mtaani. Akanywa, akatema.

"Mzee wangu, haya ni ya kupikia maharage! Yanateleza mdomoni."

Kosa langu. Kwetu maji ya majivu hatuyaondoi, yanaingia chunguni moja kwa moja. Na mimi mkaa sikuusuuza, dawa yote ilibaki humo.

"Fukia tu," akasema, akashika ndoo yake.

Nikamnyang'anya. Maji ya kusuuzia nikayafuata mwenyewe bombani, ndoo kichwani, mchana kweupe.

"Mzee, siku hizi umeolewa?" akaniuliza mama mmoja kwenye foleni.

"Nimeolewa, na mahari nimelipa mwenyewe. Nipishe."

Nilikwenda siku tatu. Nasuuza, nakamulia ndimu, nasuuza tena, napikicha maji kwa vidole. Utelezi ulipokwisha kabisa nikaurudisha mkaa ndani ya pipa, nikamwaga tena maji ya kisima. Maji yaliyotoka nikayachemsha, maana mkaa unaondoa harufu, vijidudu ni kazi ya moto. Yalipopoa nikampa kikombe.

Akanusa. Akanywa nusu, akanitazama, akamaliza.

"Hayana kitu," akasema.

"Yawe na nini?"

Akajichotea kikombe cha pili, akakaa, akanyoosha lile goti.

"Kesho siendi bombani."

Hakwenda.