Bibi Aliota ya Juu

Nilipokuwa mtoto kule Kisondela, hakuna aliyeshangilia jino la kwanza la mtoto mchanga kabla ya kuuliza limeota wapi. Likiota chini, ndaga, Mungu ashukuriwe. Likiota juu, mtoto huyo ni kigego, na kigego, walisema, huleta msiba katika nyumba anayoingia. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha hayo, kwa uhakika uleule aliotumia kunifundisha Amri Kumi.

Kisha mdogo wangu Lusekelo akaota mawili ya juu.

Mama alijaribu kumfunika kwa khanga, lakini mtoto mwenye furaha hafichiki. Alimchekea kila mtu. Wanawake waliozoea kumgombea baada ya ibada wakaanza kukumbuka maharage waliyoacha jikoni. Shangazi yangu hakuzunguka hivyo. Alikuwa anamwoza binti yake, akatuma neno kwamba sote tunakaribishwa, ila mtoto abaki nyumbani, asivuke mlango wake. Mama akasema basi naye atabaki. Baba hakumtetea mtoto, tukajua anaogopa kama wengine.

Bibi wakati huo alikuwa na shughuli yake: hakuwa na jino hata moja, na baba alikuwa amemwahidi meno ya bandia. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa. Hospitali ya serikali iling'oa tu. Kuweka ilibidi uende kwa fundi wa meno aliyepanga chumba Msasani, mjini Tukuyu, na fundi huyo hakujua neno bure. Alitueleza kwamba mwenye pengo moja huwekewa jino moja, lakini fizi tupu kama za Bibi zilihitaji seti nzima, ya juu na ya chini. Baba aliuza dume lake la ng'ombe. Mimi nilibebeshwa kapu la parachichi za kumlainisha fundi. Alizipokea kwa shukrani, bei haikushuka.

Siku ya kuyachukua, Bibi aliyavaa yote mbele ya kioo cha fundi, akatafuna mkate, akaridhika. Tulipofika nyumbani akachomoa ya chini, akayatia kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo, akaliweka juu ya kabati.

"Yanakuumiza?" baba aliuliza.

"Hayaniumizi."

"Dume zima, mama, na nusu yake unaiweka kabatini."

"Hiyo nusu haiozi."

Siku ya harusi alimbeba Lusekelo yeye mwenyewe, akamwambia mama avae, twende. Shangazi alitungoja mlangoni, mikono kiunoni, akaanza kusema kwamba alishatoa neno lake. Bibi akamtoa mtoto mgongoni, akampakata kifuani, akamtekenya. Mtoto akacheka. Bibi naye akacheka, safu yote ya juu ikang'aa. Chini, wote wawili, fizi tupu.

"Na mimi nimeota ya juu kwanza," Bibi alisema. "Nirudi nyumbani, mwanangu?"

Mmoja wa wapishi akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Shangazi alimtazama mama yake, akatutazama sisi, akasogea tupite. Kabla ya jioni, bibi harusi mwenyewe alikuwa amempakata Lusekelo.

Bibi aliendelea kwenda kanisani na nusu ya meno, huku baba akinung'unika, mpaka Lusekelo alipoota la chini. Siku hiyohiyo kopo likashushwa, na Bibi akaomba mahindi ya kuchoma.

Nilipokuwa chuo kikuu nilimuuliza kama kweli aliamini mambo yale. Nilitamani aseme hapana. Nilikuwa nimejaa nadharia, ingenipendeza.

"Kama ni uongo, hatukupoteza kitu," alisema. "Kama ni kweli, mdogo wako asingekuwa kigego peke yake."

Tangu hapo nimewasikia wasomi wenzangu wakicheka imani za vijijini, na nimewaona wakichungulia fizi za watoto wao. Mimi sina cha kuwazidi. Juzi Lusekelo alinipigia simu kuniambia mwanawe ameota jino, na kabla sijampongeza nikajikuta nauliza, "Juu au chini?"

"Chini, dada. Kwa nini?"

Ndipo nikatambua kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Amekua, amesoma, ameoa, na hajui. Nikamjibu nilitaka kujua tu.

Dume la baba, nadhani, liliuzwa kwa bei nzuri.