Karatasi Arobaini na Moja Zisizo na Jina

Nilikuwa nimefika karatasi ya kumi na tisa, vidole juu ya kibodi, nilipogundua kwamba ninamjua aliyeiandika.

Nikarudi kwenye ya kumi na nane. Huyo naye ninamjua.

Nikazikunjua zote arobaini na moja, nikazipanga mezani kama mtu anayepanga karata. Hakuna hata moja yenye jina. Na karibu zote ningeweza kukutajia mwenyewe, kwao ni wapi, na yuko mwaka wa ngapi.

Si uchawi. Ni kazi yangu.

Naitwa Kaltum, wengi wananiita Mama Rayan. Nimezaliwa Buyenzi, hapahapa Bujumbura. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa na secrétariat ndani ya geti la chuo kikuu kimoja upande wa Kigobe: chumba kidogo cha kuchapa, kompyuta mbili, na mashine ya fotokopi yenye tabia zake. Jina la chuo nitaliacha.

Wanafunzi wetu wengi hawana kompyuta. Mémoire, kile kitabu cha mwisho wa masomo, wanakiandika kwa mkono kwenye daftari na kuniletea. Ninachapa. Mwalimu anasahihisha kwa biki nyekundu. Inarudi kwangu, ninarekebisha, inaenda tena. Mara tano, mara sita.

Shule mimi niliiacha sekondari mwaka wa pili. Kifaransa changu nimekisomea hapo, ndani ya mémoire za watu. Sheria, kilimo, afya. Miandiko yao ninaijua kama wewe unavyojua sauti za majirani zako.

Jumatatu hiyo chuo kilikuwa na formation, yaani mafunzo, ya siku mbili kuhusu kuzuia unyanyasaji wa kingono na ubaguzi. Mkufunzi, Madame Orlane, hakuwa mtu wa chuo. Aliwagawia wanafunzi na walimu vikaratasi: andika ulichokiona au kilichokupata, usiweke jina, tumbukiza kwenye katoni. Akaahidi kwamba kesho yake zitasomwa zikiwa zimechapwa, na zile za mkono zitachanwa.

Ni wazo zuri. Ila hakujua kwamba kwetu kila mkono umeshapita mezani kwangu.

Kuna mtu mwingine aliyelijua hilo vizuri.

Katoni nililetewa saa nane mchana na Bwana Herménégilde, katibu wa masomo. Ndiye anayesaini tarehe za kutetea mémoire, na yeye mwenyewe anasimamia wanafunzi kadhaa.

"Mama Rayan, hii ni ya haraka. Kesho saa tatu iwe tayari."

"Sawa, Monsieur."

Hakuondoka. Aliusukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

"We unajua miandiko ya hawa watoto, si ndiyo?"

"Najua kiasi."

"Basi pembeni ya kila karatasi uniwekee jina. Na penseli tu. Hiyo liste ni ya mi, si ya ule Madame."

"Madame alisema bila jina."

"Madame kesho anarudi kwake. Sisi ndio tunabaki na watoto. Mutoto akiwa na shida, nitamusaidia vipi na mi simujui?"

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayekuombea dua. Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Nilimwamini kwa muda wa dakika ishirini hivi.

Kisha nikaanza kusoma.

Mmoja alizuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya mimba, "na aliyenipa mimba alikuwa ndani anafanya mtihani, safu ya mbele". Mwingine anatoka Buterere, kwenye jalala la mji. Kikundi chake cha darasani kilimwambia akae kando asiwapake matope.

Halafu ikaanza ofisi ya ghorofa ya pili.

"Ukiingia, ufunguo unazungushwa."

"Ghorofa ya pili. Ufunguo."

"Nilisikia ufunguo nyuma yangu nikajifanya ninakohoa ili afungue."

Karatasi tisa, mikono tisa, ufunguo mmoja.

Na hiyo ya kumi na tisa: "Alisema mémoire yangu haijaiva, nimfuate Jumapili kwake Kibenga, mke wake hayupo. Sikwenda. Ni miezi saba, tarehe ya kutetea sijapewa."

Mwandiko wa kulala upande wa kushoto, mkia wa g mrefu kuliko g yenyewe. Caritas, mwaka wa mwisho, sheria. Msimamizi wake ni Bwana Herménégilde. Na ofisi ya Bwana Herménégilde iko ghorofa ya pili.

Hapo nikaelewa hiyo liste, orodha ya majina, ni ya nini.

Sikuwa hata nimeinuka, Caritas mwenyewe akaingia.

"Mama Rayan, ni kweli katoni iko huku?"

"Iko."

"Nani aliileta?"

Aliitazama meza, akaiona yake ikiwa imekunjuliwa, akakaa juu ya rundo la karatasi nyeupe.

"Ni yeye," alisema. "Anataka majina."

"Anataka."

"Basi nimekwisha."

"Hujakwisha."

"We humujui." Akanisogelea karibu. "Toa yangu. Ichome, imeze, mi sijali. Nimebakiza kutetea tu. Mama amekwisha kununua kitambaa cha siku hiyo, kimekaa kwenye sanduku tangu Machi."

"Nikitoa yako zinabaki arobaini."

"Hao wengine kila mutu na shida yake."

"Na wao wakija hapa watasema hivyohivyo juu yako."

Akacheka, kicheko cha hasira. "Kumbe we ni mubaya hivi. Na hiyo sauti yako ya mutu anayefariji wagonjwa."

Nilikuwa na sababu ya kutomficha yeye peke yake. Niliwahi kuiacha karatasi ya mtu ipite.

Mwaka 2019 mwanafunzi mmoja, Danielle, aliniletea rasimu yake. Pembeni, kwa biki nyekundu, ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa: pita unione Jumapili, nyumbani. Aliniuliza, "Mama Rayan, hii ni kawaida?"

Nikamwambia, "Mwalimu akikuita, enda."

Nilidhani ni kazi. Maneno hayo nilikuwa nimeshayaona mara nyingi, na kwa sababu ya kuyaona mara nyingi nikayachukulia kama sehemu ya masahihisho. Danielle hakurudi kuchukua rasimu. Chuo aliacha. Sasa anauza vitenge sokoni, na tukikutana ananisalimia vizuri. Afadhali angenitukana.

Nilimwambia Caritas, "Nenda nyumbani. Kesho ukae mbele."

"Mbele nifanye nini?"

"Ukae tu. Na uje na rasimu yako."

"Ya nini?"

"Mwenye mémoire hatembei bila rasimu."

Aliondoka akinitazama kama mtu aliyeacha mzigo wake kwa mtu asiyemwamini.

Nikaendelea kuchapa. Nilipofika karatasi ya thelathini na tatu nilisimama. Niliisoma mara tatu. Nikatoa kwenye rafu kitu cha kuilinganisha nacho, nikalinganisha mstari kwa mstari, kisha nikaiweka peke yake ndani ya bahasha.

Nilipomaliza kuchapa, zile nyingine arobaini nilizichana. Kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, mpaka hakuna herufi mbili zilizobaki pamoja. Nilizitia kwenye mfuko, nikafunga chumba jua likiwa bado lipo.

Asubuhi mji haukuwa na petroli, nikatembea kutoka Buyenzi mpaka chuoni. Bwana Herménégilde alikuwa mlangoni kwangu.

"Liste?"

"Ipo, Monsieur. Nitakupa ndani."

"Nipe hapa."

"Nitakupa ndani, pamoja na za Madame. Zisije zikachanganyika."

Alitazama saa, akatazama wanafunzi waliokuwa wakipita, akatabasamu. "Sawa, Mama. We ni mutu wa utaratibu."

Ukumbi ulijaa. Madame Orlane aliniita nimpe karatasi zilizochapwa. Nikampa. Kisha nikaomba kusema neno, na kwa kuwa sauti yangu haifiki mbali, walinisogezea kipaza sauti.

"Mimi ni mchapaji tu," nilisema. "Jana niliombwa mambo mawili. Madame aliomba nichape bila majina. Monsieur Herménégilde aliomba niandike jina pembeni ya kila mwandiko ninaoujua."

Nilisikia viti vikisogea.

Yeye alicheka. "Mama hakunielewa vizuri."

"Nilikuelewa, Monsieur. Na nimefanya yote mawili." Niliinua mfuko. "Hizi ni arobaini, zimechanwa kama Madame alivyoahidi. Miandiko yake nimeisahau yote. Uniulize hata mwaka ujao, nitakuwa nimeisahau. Lakini moja nimeiandikia jina, kwa penseli, kama ulivyosema."

Madame Orlane aliifungua bahasha. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa biki nyekundu. Akasoma:

"Wasichana ndio wanaotufuata maofisini. Majina ya waongo hawa yatajulikana."

Akatazama pembeni, kwenye penseli yangu. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama yeye.

Kila mtu alikuwa amepewa kikaratasi, hata walimu. Na yeye hakufikiri kwamba mchapaji anayejua miandiko ya wanafunzi anajua na wake.

"Huo si mwandiko wangu," alisema Bwana Herménégilde. "Huyu mama hata sekondari hakumaliza. Ni experti wa nini?"

Kisha kijana mmoja wa nyuma, Bonfils, akasimama, akafungua mkoba, akatoa mémoire yake.

"Mi ni mwanafunzi wake. Biki nyekundu iko hapa, kurasa zote. Hii t yenye mkato mrefu ni ileile. Hii M pia." Akaja nayo mpaka mbele, akaiweka kando ya kile kikaratasi. "Lakini kwangu ameandika tu, rudia ukurasa wa saba. Mi hajaniita Jumapili hata siku moja. Sijui nimemukosea nini."

Ukumbi mzima ulicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu waliokuwa wamekaa nacho muda mrefu.

Mwingine akatoa yake. Na mwingine. Wanaume walikuwa na masahihisho. Wanawake walikuwa na masahihisho na Jumapili.

Caritas alisimama wa mwisho. Mimi sikumtaja, na sikumpa hata ishara ya jicho. Alikwenda mezani taratibu, akafungua rasimu ukurasa wa arobaini na mbili, akauelekeza kwa Madame Orlane.

"Miezi saba," alisema. "Na sikwenda. Jina langu ni Caritas, uandike. Si na penseli."

Bwana Herménégilde alisema ana simu ya kupokea, akatoka.

Ningependa kukuambia kwamba alifukuzwa siku hiyo. Hapana. Madame Orlane aliandika ripoti yake, wakubwa wakasema wataunda tume, na mpaka leo ninavyoandika yule bwana bado ana ofisi. Ufunguo tu ndio walimnyang'anya.

Mimi ndiye niliyefukuzwa haraka. Barua ya kuniondoa ndani ya geti ilitoka Jumatano. Na kwa kuwa chuo hakina mchapaji mwingine, waliniletea niichape.

Niliichapa. Nilipanga kingo, nikatoa nakala mbili, nikabaki na moja.

Callixte, zamu wa geti, alinisaidia kuvusha mashine ya fotokopi barabara. "Mi nimelinda hili geti miaka tisa," alisema huku ameikumbatia, "kumbe mwizi nilikuwa namupigia saluti." Moubarak, mwenye duka la vifaa vya shule ng'ambo, alinipa kibaraza na waya wa umeme. Wanafunzi wanavuka. Si mbali.

Sasa kuna katoni kumi na tatu ambazo pia tulizivusha. Ni rasimu ambazo wanafunzi waliniachia tangu nianze, kila mwaka katoni yake, kila mtu bahasha yake, na biki nyekundu ndani. Sikuwahi kutupa hata moja. Watu walinicheka kwa hilo.

Caritas na mimi tunazipitia kuanzia mpya kwenda za zamani. Tunasoma jina juu ya bahasha, tunampigia mwenyewe. Rasimu yako ipo, unaitaka? Akisema ndiyo, tunaifungua mbele yake na kutoa nakala ya kupeleka kwenye tume. Akisema hapana, inarudi ilipokuwa, na hatumuulizi sababu. Wawili waliosema hapana wamepiga tena wenyewe baada ya wiki.

Caritas bado hana tarehe. Ana msimamizi mpya, na kitambaa cha mama yake bado kiko sandukuni. Lakini ameacha kuniita mubaya.

Leo mchana tulifika katoni ya 2019. Kabla sijapiga simu, Danielle akawa amesimama kibarazani, vitenge begani. Alikuwa amesikia sokoni.

Nikaanza kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka.

"Mama Rayan," alinikatiza, "mi sikuja kwa hiyo. Hiyo tutaongea siku ingine. Nipe karatasi yangu."

Nikampa. Aliisoma amesimama, akairudisha juu ya mashine. "Toa nakala mbili. Moja ya tume, moja ya mi."

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekilipia. Ukiona maneno yaleyale pembeni mwa karatasi za watu tofauti, usiyazoee. Simamisha vidole, yasome tena, na umuulize mwenye karatasi yeye anasemaje, kabla hujamwambia aende.

Kwenye katoni ya 2019 zimebaki bahasha kumi na saba, na chini yake kuna katoni sita ambazo hatujazigusa. Moubarak anataka kufunga duka, na waya ni wake.

Caritas ameweka alama ya penseli tulipoishia. Kesho saa mbili tunaanzia hapo.