Diski Aliyoipumzisha Maduhu

Alhamisi, 16 Oktoba 2025. Jua kali tangu saa mbili. Mawingu yalikusanyika upande wa ziwa, yakatawanyika bila tone.

Siku hiyo Maduhu, mwenye studio ya picha na video hapa Nyarugusu, alikwenda Geita mjini na diski yake ya nje, ameiviringisha kwenye khanga ya marehemu mkewe, Scolastika. Ndani ya diski mlikuwa na video ya dakika nne: Scolastika anamenya karanga huku anamgombeza. "Zima hiyo kamera, Baba Lusia, unamaliza betri." Sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

Maduhu amekulia Kishapu, nyuma ya maksai wa kulimia. Baba yake alimfundisha kuwapumzisha kila mwisho wa tuta, asingoje mpaka waheme. Basi mkewe alipofariki, miaka miwili iliyopita, aliingia kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta, akaiamuru diski isimame kila ikikaa dakika moja bila kazi. Betri ya sola ilidumu zaidi, naye alipenda kuisikia diski ikinyamaza. Video za wateja alizitunza nakala mbili mbili. Ya kwake hakuinakili. Aliona inapumzika, haina shida. Kumbe kompyuta ilikuwa ikiikagua kila baada ya muda mfupi, hivyo diski ililala na kuamshwa mamia ya mara kwa siku. Jumatatu ilianza kugonga ndani, na haikufunguka tena.

Sameer, fundi wa Geita, alimwamkia, akaitegea diski sikio, akamuuliza alikuwa ameipangia ilale vipi. Maduhu akaeleza yote, hata habari za maksai. Sameer hakucheka. Alisema ndani imekwanguka, hakuna wa kuitoa ile video.

"Ng'ombe anachoka kwa kutembea, mzee wangu. Hii inachoka kwa kuamshwa."

"Kwa hiyo ningeiacha tu izunguke?"

"Ungeiacha. Au ilale baada ya nusu saa, siyo dakika."

Maduhu alishukuru, akaifunga tena kwenye khanga, akaipakata njia nzima.

Ijumaa asubuhi alifungua studio mapema. Alichomeka diski nyingine, yenye harusi za watu, akaingia kwenye mipangilio, akachagua isilale kabisa. Ikazunguka. Kisha akachomeka ya kwake, akaisikiliza ikigonga mara tatu, akaichomoa, akaifunika khanga.