Nani Hawezi Kungoja

Dada mmoja mwenzangu wa kazi alikuwa ameandika peke yake programu inayopanga foleni ya wagonjwa katika zahanati moja ya Kangemi, na kwa miaka mingi hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuigusa. Daktari alipotaka badiliko, yeye ndiye aliyepigiwa simu: akiwa kanisani, akiwa matangani, akiwa njiani kwenda kwao Kitui. Mama yake alipougua mwaka huu, meneja wetu alisema angempa likizo pindi nitakapotamka kwamba naweza kuitunza programu ile bila yeye.

Nilifungua msimbo wa programu hiyo asubuhi, ofisini kwetu Westlands. Kiini chake kilikuwa kifungu kimoja kisicho na pumziko: kama mgonjwa ni mtoto, na kama ana homa, na kama hakuletwa jana, isipokuwa kama yuko mjamzito mbele yake. Tunacho chombo cha kupima utata wa namna hiyo. Huhesabu njia zote ambazo kompyuta inaweza kufuata ndani ya kifungu, maana kila "kama" ni njia panda. Kilipopima kifungu hicho kilitoa tarakimu nyekundu, kubwa kuliko zote nilizopata kuona.

Mwenzangu akaketi, akakikata kifungu. Kufikia mchana kilikuwa kimegeuka vipande vingi vidogo, na kila kipande kikipimwa kilikuwa kijani. Akanigeuzia kiti.

"Haya, mzee. Sema sawa nipande gari."

Nilisoma. Kipande kilinituma kwa kipande kingine, nacho kikanirudisha kwa cha tatu, kama raia anayezungushwa kutoka dirisha hadi dirisha katika ofisi ya umma. Hakuna sharti lililoondoka; yalikuwa yamehamishwa tu. Nikamwambia kwamba kipimo kimeshuka lakini mimi bado sielewi, na kwamba kuthibitisha nisichokielewa ni uongo, hata ukimfaa mtu ninayemheshimu.

"Mwaitu amelala huko," akasema, akimtaja mama yake kwa Kikamba, "na wewe uko hapa unanihubiria."

Wagonjwa wa Kangemi nao walikuwa na mama zao. Nilimwomba jambo moja tu: asome kwa sauti, sharti baada ya sharti, na kwa kila moja aniambie lilikuja kwa sababu ya nani.

Alianza kwa hasira. Homa ya watoto iliingia kwa sababu ya mtoto aliyeshikwa na degedege kwenye benchi. Wajawazito, kwa sababu ya mama aliyejifungulia mlangoni. Kisukari, kwa sababu ya mzee aliyezirai akingoja zamu yake kwa adabu. Nyuma ya kila "kama" palikuwa na mtu, naye aliwakumbuka wote. Hasira ikamtoka polepole, sauti ikawa ya mtu anayewaombea wagonjwa kanisani. Kisha, katikati ya mstari, akaacha kusoma akanigeukia.

"Yote yanauliza kitu moja," akasema. "Huyu anaweza kungoja mpaka lini?"

Nimesoma mengi maishani, na ni mara chache mwili umenisisimka kama pale. Masharti yote yakawa jedwali: hali ya mgonjwa upande huu, muda anaoweza kungoja upande ule. Yaliyobaki yakawa amri moja, kwamba aitwe kwanza yule ambaye muda wake unakaribia kwisha. Tuliijaribu kwa foleni za siku zilizopita, na wagonjwa wakaitwa kwa utaratibu ule ule. Kipimo tulikumbuka kukitazama baadaye, nacho kilikuwa kijani. Nilistaajabu kwamba unyofu ule ulikuwamo tangu mwanzo, umefunikwa na huruma iliyoongezwa kila siku kwa haraka.

Nikamwambia meneja kwamba naweza. Kesho yake alfajiri mwenzangu akaondoka.

Siku chache baadaye zahanati ilitaka wenye pumu watangulizwe. Niliongeza mstari mmoja kwenye jedwali, nikaujaribu, na chai yangu ilikuwa bado ya moto. Ndipo nikampigia mwenzangu huko kwao.

"Nini imeharibika?" akauliza kabla ya salamu, kwa sauti ya mtu ambaye tayari anatafuta viatu.

"Hakuna kilichoharibika, dada. Nipe mwaitu nimsalimie."

Nikasikia simu ikipokezwa mkono mwingine.