Kivuli Chenye Kona

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya serikali pale Same enzi za Mwingereza, Bwana Mganga wa Wilaya alinionyesha hadubini ya kutazamia vijidudu, kisha akanionya. "Mgonjwa atakudanganya," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Makohozi hayadanganyi." Alinipeleka Gonja, kisha Usangi, akanirudisha Same, na kote huko nilimshuku kila mtu. Sikuhitaji kufundishwa sana. Mimi tangu utoto nikifunga mlango hurudi kuutazama.

Niliporudi Same ndipo alipokuja Mama Nakiete kutoka Mbaga, mtu wa makamo, ana homa na kikohozi kikavu, hawezi kumaliza sentensi bila kuhema. Barua yake ya Nairobi ilisema ameondolewa titi lenye saratani, basi. Nilipompima niliona ngozi ya kifua upande ule imekuwa nyeusi, mraba kabisa.

"Mama, mganga gani wa kienyeji amekuchoma?"

"Si mganga, mwanangu. Ni mashine ya huko Nairobi. Haikunigusa, wala sikusikia moto."

Nilicheka. Kitu kisichokugusa kitakuchomaje? Nikaandika kwenye kadi: "Anaficha. Kifua kikuu?"

"Usiniandikie hilo," alisema akiichungulia kadi. "Nakiete wangu ameposwa. Wakwe wakisikia nimepelekwa hospitali ya vifua, posa itavunjika."

Ombi lile lilinizidishia shaka. Anayeogopa jina la ugonjwa, nilijiambia, anaujua.

Makohozi ya asubuhi tatu yalikuwa safi. Nikaamua ameleta ya mtu mwingine. Basi nikamsimamia, mama wa umri wa mama yangu, akohoe kwenye kikopo mbele ya macho yangu, jasho likimtoka. Nayo yakawa safi. Naona haya mpaka leo.

Bwana Mganga akaagiza apelekwe Moshi kupigwa picha ya kifua. Picha ilipofika aliiinua dirishani. Kivuli kwenye pafu kilikuwa na ukingo ulionyooka, tena kilikuwa na kona.

"Kifua kikuu hakitumii rula," alisema. "Huyu ametibiwa kwa miale. Miale inayoua saratani huliunguza na pafu lililo nyuma yake, nalo huvimba miezi miwili mitatu baadaye. Hukumuuliza?"

"Aliniambia, Bwana. Sikumwamini."

"Na makohozi nayo hukuyaamini?"



Tulimpa vidonge vya kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ngeni kwetu wakati ule. Huanza vingi, kisha hupunguzwa kidogo kidogo wiki hata wiki, kwani kuviacha ghafla humwangusha mgonjwa. Chumvi kidogo, mapumziko, na kuichunga homa isije ikawa ugonjwa mwingine umejipenyeza. Wiki ya pili alimaliza sentensi nzima. Nikayakata maneno yangu kwenye kadi.

Nakiete aliolewa. Baadaye nilikutana na mama yake sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikikuambia sijambo utaamini, au nikohoe kwanza?"

Wauza ndizi walicheka. Mimi nilikosa pa kuuweka uso.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaoishika kazi hii, ushukuni ugonjwa, lakini mgonjwa msikilizeni hadi amalize. Juzi nilipeleka kikohozi changu mwenyewe zahanati. Binti wa maabara alinipa kikopo, kisha akasimama mlangoni kunitazama kama kweli nitakohoa mimi. Nilitaka kukasirika, nimwambie mimi ni nani. Lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikakohoa.